Monoreli za pariki zimewekwa pembeni: kesho yake iko wapi?

Kwenye ukurasa huu mara nyingi tunazungumza kazi, staji, CV na minerval. Leo tuchukue njia ingine kidogo, tuongelee treni. Si ile ya kubeba shaba ambayo wengi wetu tunaijua. Ni ile treni ndogo, nzuri kama kitu cha kuchezea, yenye kukimbia juu ya boriti moja ndani ya pariki za burudani za Amerika, Ulaya na Japani. Inaitwa monoreli. Watoto walioipanda miaka ya 1960 leo ni wazee, na wengi wao wanailiaka kama mutu anavyolilia nyumba ya babu iliyouzwa.

Juu ya nini siye tupoteze wakati na treni ya pariki ya watu wengine? Juu ndani ya historia yake kuko somo ambalo mutu aliyesoma anapaswa kulijua mbele ya kupiga makofi kwa proje yoyote inayoitwa "ya kesho". Musome pole pole, tutafika.

MONORELI NI NINI HASA?

Treni ya kawaida inatembea juu ya reli mbili. Monoreli inatumia boriti moja tu, ya betoni ao ya chuma. Kuko aina mbili. Ya kwanza inapanda juu ya boriti na kuikumbatia kwa pembeni, sawa mutu aliyepanda farasi. Ya pili inaninginia chini ya boriti. Ile ya kuninginia iko ya zamani sana: katika muji wa Wuppertal, Ujerumani, ilianza mwaka 1901 na mpaka leo inabeba watu kwenda kazini, kwa njia ya kilometa 13 hivi, sehemu kubwa juu ya muto. Kwa hiyo mutu asikudanganye kwamba monoreli ni kitu cha watoto tu.

Faida yake inaonekana kwa macho. Njia iko juu, nguzo hazichukui fasi kubwa, na treni haigongani na magari wala wapita njia. Nyingi zinatumia mipira kama ya gari, njo maana makelele ni kidogo na zinapanda mulima bila shida.

Lakini shida zake pia ni kubwa. Fasi treni inaachaka njia moja na kuingia ingine, reli ya kawaida inasogeza vyuma viwili vidogo tu. Monoreli inalazimika kusogeza boriti nzima. Tena, treni ikizimika juu, abiria hawawezi kufungua mulango na kushuka tu kwa miguu. Na shida ya tatu, ambayo tutairudilia: hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima. Boriti na treni vinatengenezwa pamoja, sawa kufuli na ufunguo wake. Treni ya kompanyi moja haiingii juu ya boriti ya kompanyi ingine.

KESHO ILIYOUZWA PAMOJA NA TIKETI

Tajiri mumoja wa Swideni, Axel Wenner-Gren, alitaka kubadilisha usafiri wa dunia. Mwaka 1952, karibu na muji wa Köln, kompanyi yake ilionyesha monoreli ya majaribio. Jina la kompanyi, Alweg, lilitoka kwenye herufi za majina yake mwenyewe. Walt Disney akaipenda. Tarehe 14 Juni 1959, monoreli ya Disneyland, kule California, ikaanza, na Richard Nixon, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani wakati ule, alifika na familia yake kuifungua. Umbo la treni lilichorwa na Bob Gurr. Lilikuwa na pua ndefu na vioo vya mviringo, na watu waliona roketi zaidi kuliko treni.

Mujue kitu kimoja cha maana: Disney hakuileta kama mchezo. Aliiweka katika sehemu ya pariki iliyobeba jina la kesho, kwa kuonyesha namna miji yote ingekuwa. Mwaka 1961 akairefusha mpaka kwenye hoteli iliyokuwa inje ya pariki, ili watu waone kwamba inaweza kutoka ndani ya pariki na kufanya kazi ya kweli.

Mwaka 1962 Alweg ikajenga ingine Seattle kwa maonyesho ya dunia, njia ya karibu kilometa moja na nusu. Mwaka 1963 ikaenda Los Angeles na pendekezo zito: tutawajengea karibu kilometa 70 za monoreli, kwa dola milioni 105, tutatafuta feza siye wenyewe, na mutatulipa pole pole kutoka kwa tiketi za abiria. Mwandishi Ray Bradbury alipigania sana ile proje. Wakubwa wa Los Angeles wakaikataa. Muji ukaendelea kujenga barabara kubwa za magari, na leo jina Los Angeles na neno embouteillage vinatembea pamoja.

Basi huzuni ya wapenzi wa monoreli inatoka hapa. Wanakumbuka treni, ndiyo, lakini zaidi wanakumbuka ahadi. Mutoto wa 1962 aliambiwa: ukikuwa mukubwa, muji wako utakuwa hivi. Akakuwa mukubwa, muji haukuwa vile, na sasa hata ile treni ya pariki inafungwa.

JUU YA NINI ZILIFUNGWA?

Wengi wanafikiri zilifungwa juu watu walizichoka. Ukiangalia karibu utaona sababu zingine.

Tuanze na Japani. Mwaka 1966 pariki ya Yokohama Dreamland ilipata monoreli yake, kilometa tano na zaidi kutoka kituo cha treni cha Ofuna. Mwaka mumoja na nusu haujatimia, ikasimamishwa. Treni zilikuwa nzito kupita uzito ambao njia ilipimwa kubeba, na njia ikaanza kuharibika. Kosa la hesabu, bandugu, la watu wenye diploma kama siye. Ile njia ilibaki imesimama bila treni kwa zaidi ya miaka 30 mbele ya kubomolewa.

Mwaka uleule wa 1966, kompanyi Lockheed ya Marekani, inayojulikana zaidi kwa ndege, ilitoa ufundi wake kwa monoreli mbili za Japani. Moja ilikuwa Himeji, kwa kupeleka watu kwenye maonyesho. Ingine ilipeleka watu kwenye pariki ya Mukogaoka, karibu na Tokyo. Kiisha Lockheed ikaacha biashara ya monoreli. Himeji ilisimama mwaka 1974: abiria walikuwa wachache na piesi za kubadilisha zilikuwa ngumu kupata. Ya Mukogaoka ilivumilia mpaka mwaka 2000. Siku mafundi walipoona kasoro ndani ya treni, gharama ya kuitengeneza ikawa kubwa kupita faida, na ikawa mwisho.

Sasa muangalie kompanyi Von Roll ya Uswisi. Ndiyo iliyotengeneza monoreli nyingi za maonyesho na pariki miaka ya 1980: Vancouver mwaka 1986, Brisbane mwaka 1988, pariki ya Sea World kule Gold Coast, kisiwa cha burudani cha Sentosa kule Singapore, na ile ya katikati ya muji wa Sydney. Kiisha kitengo chake cha monoreli kikauzwa kwa Adtranz, Adtranz ikanunuliwa na Bombardier mwaka 2001, na treni za Bombardier zikanunuliwa na Alstom mwaka 2021. Mutu mwenye treni ya 1986 akitafuta piesi leo, anapiga simu kwa nani? Mwenyewe alishabadilika mara tatu. Sentosa ilifunga yake mwaka 2005. Sydney ilifunga yake tarehe 30 Juni 2013, kisha miaka 25.

Hata Ueno, bustani ya wanyama ya Tokyo, iliyokuwa na monoreli ya kwanza ya Japani tangu mwaka 1957, ilisimamisha treni yake mwaka 2019. Njia yote ilikuwa mita 300 hivi tu. Treni zilizeeka, na kununua zingine kwa mita 300 ilikuwa bei kubwa.

Kwa hiyo sababu ni hesabu. Pariki inajiuliza: hii mashine inatuletea watu wapya, ao inabeba wale ambao tayari walishaingia? Kama njia inapeleka watu fasi wangeweza kufika kwa miguu, siku piesi itakapokosekana, hakuna mutu atakayeipigania. Machozi yatakuja kiisha, lakini machozi hayalipe fundi.

TRENI INAENDA WAPI KIISHA KUFUNGWA?

Hapa ndipo historia inakuwa tamu, juu zile treni hazikupata mwisho wa namna moja.

Zingine ziliuzwa kama mitumba. Treni za maonyesho ya Vancouver zilivuka bahari mpaka Uingereza, zikaanza kazi katika pariki ya Alton Towers mwaka 1987. Pariki ya Disney ya Florida, iliyoanza monoreli yake mwaka 1971, ilipopata treni mupya kutoka Bombardier kuanzia mwaka 1989, treni zake mbili za zamani zilipelekwa Las Vegas. Mwaka 1995 zikaanza kubeba watu katikati ya hoteli mbili kubwa. Ile njia fupi ndiyo ikazaa monoreli kubwa ya Las Vegas, iliyofunguliwa mwaka 2004 na treni mupya.

Lakini musishangilie haraka. Ile ya Las Vegas iligharimu karibu dola milioni 650. Mwaka uleule wa 2004 vipande vya treni vilianguka chini, ikafungwa karibu miezi mine. Kompanyi yake ikashindwa kulipa madeni mwaka 2010, kiisha tena mwaka 2020. Mwisho, shirika la utalii la muji likainunua karibu dola milioni 24. Na treni za aina ile hazitengenezwi tena. Munaona? Ni shida ileile ya Himeji, imevaa koti mupya.

Zingine ziliingia katika makumbusho. Treni za Himeji zilifungiwa ndani ya kituo chake cha mwisho kwa miaka mingi sana, giza na vumbi juu yake. Mwaka 2011 muji ukafungua kile kituo kama fasi ya maonyesho, na leo watoto wanaingia kuangalia treni ambayo babu zao walipanda.

Njia moja ilibadilishwa kazi kabisa. Bustani ya wanyama ya Minnesota, Marekani, ilikuwa na monoreli tangu mwaka 1979, ikaifunga mwaka 2013. Nguzo na boriti zilibaki katikati ya miti. Badala ya kulipa watu wa kubomoa, wakaweka sakafu na kingo juu yake, na mwaka 2023 ikafunguliwa kuwa njia ya kutembea kwa miguu, karibu kilometa mbili, ikifika mita kumi hivi juu ya udongo. Mutu anatembea pole pole na kuangalia wanyama toka juu. Haihitaji treni, piesi, wala kompanyi ya mbali. Kwangu mimi, hiyo ni moja ya akili nzuri zaidi katika mambo haya yote: waliangalia kile kilichobaki kizima, wakajiuliza kinaweza kufanya nini, badala ya kulilia kile kilichokufa.

UJUZI HAUKUFA PAMOJA NA TRENI

Kuko njia ya mwisho, na ni ile yenye kunigusa zaidi. Mwaka 1962, katika muji mudogo wa Inuyama, Japani, ilifunguliwa monoreli ya kilometa moja na kidogo kupeleka watu kwenye pariki ya nyani. Kompanyi Hitachi iliijenga kwa ufundi wa Alweg. Ukiiangalia, ni kitu kidogo tu cha kufurahisha watoto. Lakini mainjiniere wa Hitachi walijifunza pale: boriti, mipira, mizunguko, namna ya kusogeza njia. Miaka miwili tu kiisha, mwezi wa 9 mwaka 1964, wakafungua monoreli ya Tokyo kwenda kiwanja cha ndege cha Haneda, kilometa 13, mbele kidogo ya Michezo ya Olimpiki. Kutoka pale ukoo ukazaa: Kitakyushu, Osaka, Okinawa, kiisha Chongqing kule China, fasi monoreli ni usafiri mukubwa wa kila siku ndani ya muji wa milima na mito. Na mukikumbuka Sentosa, treni mupya iliyorudisha ile ya zamani mwaka 2007 ni ya Hitachi pia.

Monoreli ya Inuyama yenyewe ilifungwa mwisho wa mwaka 2008. Abiria walipungua. Ila siwezi kusema ilishindwa. Kompanyi yenyewe ya Alweg ilishaisha katika miaka ya 1960, lakini ujuzi wake ulikuwa umeshapata kichwa kingine cha kukaa.

Ukoo wa Disney pia ulifika mbali. Treni ambayo Bombardier ilitengeneza kwa Florida ilizaa ile ya Las Vegas, na katika ukoo uleule wakatengeneza treni kubwa zaidi kwa ajili ya São Paulo, kule Brazili, iliyoanza mwaka 2014. Kiisha Misri ikasaini mukataba mwaka 2019 kwa monoreli mbili za Kairo, jumla karibu kilometa 100, na treni za aina ileile. Kwa hiyo mujukuu wa ile treni ya pariki anaishi leo hapa kwetu Afrika. Kesho ambayo watoto wa 1962 waliahidiwa ilikuja kweli, ila haikuja kwao.

NA SIYE?

Afrika haina Kairo peke yake. Kuko pia Port Harcourt, kule Nijeria. Wakati wa gavana Rotimi Amaechi walianza kujenga monoreli katikati ya muji, na treni kutoka Intamin, kompanyi inayojulikana sana kwa mashine za pariki za burudani. Nguzo zikapanda, treni ikaletwa, picha zikapigwa. Utawala ulipobadilika, proje ikaachwa. Watu wa kawaida hawakuwahi kuitumia kwenda kazini ao soko.

Wengi kati yetu tunasoma jenisivili, umeme, ekonomi, droit. Siku moja mutakaa kwenye meza ambapo mutu atafungua kompyuta na kuonyesha picha za treni inayopita juu ya muji wenu, mchana na usiku, taa za bluu chini yake. Picha itakuwa nzuri, juu hizi picha ni nzuri tangu 1959. Ile siku mukumbuke maswali matatu ambayo zile treni zilizowekwa pembeni zinatuachia.

La kwanza: inaenda wapi? Kama ni fasi watu wanapaswa kufika kila siku, kazi, soko, hospitali, chuo, watu wataitetea. Kama ni ya kuangaliwa tu, itakufa siku ya kwanza ya shida.

La pili: miaka 20 kutoka leo, piesi itatoka wapi? Kama kompanyi moja tu ya dunia ndiyo inaijua, na ile kompanyi ikiuzwa, tutabaki na ufunguo bila kufuli. Iandikwe katika mukataba: michoro, piesi, haki ya kutengeneza wenyewe.

La tatu: nani kati yetu anajifunza? Hapa Inuyama inatusomesha kuliko Disneyland. Proje ndogo ya kilometa moja iliyowaachia wenyeji ujuzi imezaa matunda kuliko proje kubwa iliyowaachia nguzo.

Kukumbuka ya zamani si mubaya. Wazee wanaokusanya picha na kusafisha treni ya Himeji wanafanya kazi ya heshima. Bila wao hata siye hatungejua. Lakini kukumbuka kuko namna mbili. Kuko kukumbuka kwa kuchunga kiti na pua ya treni, na kuko kukumbuka kwa kuchunga ufundi na kuupeleka mbele. Ya kwanza inajaza makumbusho. Ya pili ndiyo iliyojenga Tokyo.

Basi, bandugu, tuambiane hapa chini: katika muji wenu kuko mashine gani, usine gani ao njia gani ya reli iliyowekwa pembeni, na nani bado anajua namna ilivyokuwa inafanya kazi? Kama yule mutu angali muzima, muende mumuulize wiki hii, na mubebe kalamu na daftari.